Saiprasi za Inchi Kumi na Nusu

Mtu akikuagiza miti ya urefu wa kidole gumba, mcheke kwanza, halafu muulize ni ya nini. Mimi nilicheka, nikasahau kuuliza.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu, na miwa ilikuwa imewapanda watu wa Malava kichwani. Kila mwenye shamba aling'oa mahindi akapanda miwa, hata uani, hata nyuma ya choo. Siku ya malipo ungemkuta mwanamume mzima amebeba redio kubwa begani, anatembea polepole ili wote waione. Wengine walioa mke wa pili. Mimi nilikuwa mjane mwenye kibanda cha brashi nyuma ya soko. Nilisokota waya na katani: brashi za chupa, brashi za vibuyu vya maziwa, na zile ndefu za kusugulia mabomba ya kiwanda cha sukari, ambazo ndizo zilizonilisha. Marehemu mume wangu ndiye aliyenifundisha kazi hiyo, na sioni haya kusema kwamba nilimpita.

Mzee mwenye oda hiyo ya miti alikuja asubuhi moja, koti la kaki limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Alichukua brashi ya chupa, akaisimamisha juu ya meza yangu, akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, mzee."

"Hii, ukiikata hapa juu ikuwe nyembamba, na huku chini iwe nono, si itakuwa saiprasi?"

"Itakuwa saiprasi ya kuoshea chupa," nilimwambia.

Hakukasirika. Alieleza kwamba alikuwa dereva wa treni mpaka alipostaafu, na kwamba fundi mmoja Mzungu wa karakana ya Nairobi, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia sanduku lenye treni ndogo ya mfano: injini, mabehewa na reli zake, injini ikitembea kwa betri. Sasa alikuwa anaunda mahali pamoja tu, kona ya reli iliyo chini ya Chekalini, kule Lugari, ambako kulikuwa na shamba la Mzungu lililozungukwa na saiprasi.

"Ile miti ilikatwa yote. Mimi nataka irudi. Dazani tatu."

"Urefu?"

Akanionyesha kidole gumba. Hapo ndipo nilipocheka. Kisha nikachukua penseli nimwandike katika daftari la oda.

"Niandike jina gani?"

"Nehemiah Sifuna."

Penseli ilisimama. Jina hilo nilikuwa nimelibeba miaka kumi na mitano. Nililiandika, nikamwambia arudi baada ya wiki, na alipoondoka nilikaa chini juu ya marobota ya katani.

Nehemiah Sifuna ndiye aliyekuwa akiendesha treni iliyomuua mdogo wangu Awinja.

Sisi ni watu wa Khwisero. Baba yetu, Mzee Andati, alipata shamba Chekalini serikali ilipogawa mashamba ya Wazungu, akatangulia na mama na mimi. Awinja alibaki Khwisero na nyanya mpaka mwaka wa sitini na nane, alipokuwa na miaka kumi na tisa. Alikaa Chekalini siku tisa tu. Siku ya tisa asubuhi aligombana na Baba kwa sababu alitaka kurudi Khwisero na Baba alikataa. Saa kumi na moja jioni alishuka njia ya mtoni na debe la maji. Njia hiyo hupita katikati ya saiprasi, huvuka reli, kisha huteremka. Hakuvuka.

Katika uchunguzi, dereva alisimama akasema maneno mawili. La kwanza, kwamba pale palikuwa peupe, miti haikuzidi bomba la moshi la injini, na mtu mwenye macho angeiona treni ikija tangu mbali. La pili, kwamba alipiga firimbi ndefu, na yule msichana, badala ya kukimbia, alisimama katikati ya reli akampa mgongo.

Ukichanganya maneno hayo mawili na ugomvi wa asubuhi, utapata walichopata wazee. Walisema amejiua. Kwetu mtu aliyejiua haletwi mbele ya nyumba. Awinja alizikwa mpakani, kando ya ua, bila wimbo, bila pasta, bila msalaba. Na jina lake lilifungwa: asipewe mtoto yeyote, asije akaleta tabia ile tena katika ukoo. Tangu siku hiyo Baba hakulitamka. Mama alikufa bila kulitamka.

Mambo yangekaa hivyo hivyo kama si mjukuu. Binti yangu Sellah alikuwa amejifungua kwa Baba, Chekalini, wiki sita kabla ya mzee huyu kuja kwangu. Mtoto msichana, mzima, mzuri, ila alilia. Hakulia kama mtoto mwenye tumbo. Alilia kama mtu anayeita mtu wa mbali. Na kwetu kila mtu anajua maana yake: kuna mtu wetu wa kale anayetaka jina lake. Huwa mnamtajia mtoto majina ya waliotangulia, moja moja, na lile ambalo litamnyamazisha akashika titi, hilo ndilo lake. Walikuwa wametaja nyanya wote wa pande zote. Walitaja hata shangazi mmoja mchoyo ambaye hakuna aliyemtaka. Mtoto alilia tu, na alikuwa anaanza kukonda.

Siku moja, nikiwa peke yangu naye uani, nilimwekea mdomo sikioni nikasema, "Awinja." Alinyamaza. Alinitazama. Nilipata woga nikamrudisha kwa mama yake bila kusema kitu, na akaanza tena kulia.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini niliikubali ile oda. Nilitaka kuona ni nini mtu huyu ameweka juu ya meza yake.

Mti wa waya si kazi ngumu ukijua brashi. Unakunja waya mara mbili, unatandaza nyuzi za katani katikati, ndefu chini na fupi juu, unabana ncha moja na nyingine unaizungusha kwa keke ya seremala. Nyuzi zinasimama pande zote. Unakata kwa mkasi mpaka inachongoka. Kisha unachovya katika rangi ya kijani iliyotiwa nyeusi kidogo, maana saiprasi si ya kijani cha nyasi, unapaka gundi na kunyunyiza majani ya chai yaliyokaushwa. Nilitengeneza mmoja wa kidole gumba kama alivyotaka. Halafu nikatengeneza mwingine, nikauficha chini ya kikapu.

Nyumba yake ilikuwa nje kidogo ya Malava, miwa imeizunguka mpaka dirishani. Meza aliiweka katika ghala la mahindi. Ghala lilikuwa tupu, mahindi alikuwa akinunua dukani kama wakulima wote wa miwa. Mlango wake ulitazama magharibi.

Alikuwa ameiunda kona yote. Tuta lilikuwa la udongo mwekundu wa kweli, mto ulikuwa kipande cha kioo, na njia yetu ilishuka kama inavyoshuka. Hata lile jiwe kubwa tulilokuwa tukipumzikia lilikuwepo. Injini nyeusi ilisimama ikingoja.

Aliuchukua mti wa kidole gumba, akauchomeka kando ya reli. Ulilingana na bomba la injini.

"Hapo sawa," alisema.

"Hapo si sawa. Hiyo ni kabichi."

Nikautoa ule mwingine kikapuni, nikausimamisha karibu nao. Inchi kumi na nusu na kipande. Injini ikawa kitu kidogo cha kukanyagwa.

"Hiyo ni nini? Umeniletea mnara wa kanisa?"

"Mzee, umeniambia kila kitu hapa kimegawanywa mara themanini na saba. Mwaka wa sabini walipokata zile saiprasi, mmoja ulilala barabarani. Niliutembea kutoka shina mpaka ncha. Hatua thelathini na moja. Gawanya wewe."

"Ulikuwa unafanya nini Chekalini?"

"Nilikuwa natembea."

Aligawanya. Alitumia chaki ukutani, akafuta, akagawanya tena. Kisha akasema kwa hasira kwamba hatua za mwanamke si kipimo, na kwamba yeye aliijua ile miti kuliko mtu yeyote. "Mimi nilikuwanga napita hapo tangu arobaini na saba! Nikiwa mtia moto, bado kijana. Nimeona ikipandwa. Vijana wa Mzungu wanamwagilia na debe, miti imefika hapa." Akagusa goti.

"Na mara ya mwisho uliiangalia lini?"

"Kila siku!"

"Ulipita kila siku. Nimeuliza uliiangalia lini."

Nilimwacha hapo nikaenda zangu. Wiki hiyo sikulala vizuri, kwa sababu nilianza kuelewa jambo ambalo sikulitaka. Miaka kumi na mitano nilikuwa nimemchukia mtu mwongo, na huyu hakuwa mwongo. Ile miti ilikuwa imekua pembeni mwa macho yake, kila siku kidogo, na kichwani mwake ilibaki ya magotini, labda ya bomba. Mtoto wa jirani ndiye unayemwona amekua. Wako unashtukia suruali imekuwa fupi.

Siku ya nne alituma neno: nitengeneze zote kwa kipimo changu.

Nilitengeneza dazani tatu. Matawi ya chini niliyaacha yafike ardhini, kwa sababu Mzungu yule hakuruhusu yapogolewe. Alitaka ukuta wa kuzuia upepo. Hakuna mti niliofananisha na mwenzake. Na usiku wa mwisho, bila kuagizwa, nilichonga njiti ya kiberiti. Awinja alikuwa na futi tano na inchi tatu. Ukigawanya, unapata robo tatu ya inchi, punje mbili za mahindi zilizopangwa. Nilimpaka gauni la manjano, kwa sababu ndilo alilovaa.

Nilipoupeleka mzigo, mzee alinisaidia kuichomeka miti, safu moja ikifuata kona ya reli, safu ya pili ng'ambo ya njia, upande wa Turbo, treni inakoelekea, kama ukuta. Kisha nikatoa yule wa njiti na kumbandika kwa gundi juu ya reli, pale njia inapovuka, uso ukitazama treni inakotoka. Sifuna aliona gauni la manjano. Alishika ukingo wa meza.

"Nani amekuambia kuhusu rangi?"

"Saiprasi ni za kijani," nilisema. "Nilitaka kitu kitakachoonekana."

Tuliacha gundi ikauke. Kesho yake nilirudi na kumkuta amekaa nje ya ghala, hajanyoa.

"Mama Sellah, umekuja hapa asubuhi?"

"Nimekuja sasa."

Njiti ilikuwa imegeuka. Ilisimama pale pale, gundi imeshika, lakini imeupa mgongo upande wa treni. Nikamwambia ni gundi, ikikauka huvuta. Niliing'oa nikaibandika upya. Siku iliyofuata ilikuwa imegeuka tena. Mara ya tatu niliifunga kwa uzi mwembamba chini ya reli, na mara ya tatu, uzi ukiwa haujakatika, ilikuwa imegeuka.

"Si mimi," mzee alisema. Alikuwa analia na hakujifuta. "Mimi sijamgusa. Lakini hivyo ndivyo alisimama. Mgongo hivyo. Mimi namuonanga kila siku, mama. Nikinyoa, ako kwa kioo, amenipa mgongo. Nikikula, ako mlangoni. Nataka tu ageuke nimwone uso, nijue ni kwa nini hakutoka. Ndiyo maana nimejenga hii kitu yote."

Niliogopa, nakiri. Lakini hasira ilikuja kunisaidia kama kawaida yake. Nikamwambia apige magoti.

"Wapi?"

"Hapo mwisho wa njia. Weka jicho lako usawa wa kichwa chake, tazama treni inakotoka. Usiangalie kama dereva. Angalia kama mtu anayekwenda mtoni."

Alipiga magoti, magoti yakalia. Jua la saa kumi na moja liliingia mlangoni. Nilibonyeza swichi, injini ikaanza kuja kutoka upande wa Broderick Falls, kama siku ile. Nikamuuliza, "Unaona nini?"

"Miti."

"Treni?"

"Bado."

"Sasa?"

"Miti tu. Mama, mimi siioni. Hata moshi..." Injini ilijitokeza ghafla kwenye kona, na ilikuwa imeshamfikia. Nilizima. Sifuna alikuwa ameziba uso.

"Hakuniona," alisema. "Nilisema palikuwa peupe. Nimeapa kwa Biblia kwamba palikuwa peupe."

"Ni dada yangu," nilimwambia.

Hakuuliza yupi.

"Lakini nilipiga firimbi," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeomba. "Wallahi nilipiga. Hata kama hakuona, alisikia. Kwa nini alinipa mgongo?"

Nikaiangalia ile njiti, na mgongo wake, na uso wake ulikoelekea. Ilikuwa inatazama safu ya pili ya miti, ule ukuta wa upande wa Turbo. Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo miaka yote kumi na mitano, na nilikuwa nimelikalia.

Saiprasi zile zilikuwa na mwangwi. Kila mtu wa Chekalini alilijua hilo kabla hazijakatwa. Ukiita ng'ombe ukiwa chini ya tuta, sauti yako ilizibwa na safu ya kwanza, ikaenda kupiga safu ya pili, ikakurudia kutoka upande ambao hukuita. Wachungaji waliambiwa siku ya kwanza kabisa: pale relini usifuate sauti, geuka nyuma yake, utazame kule isikotokea. Awinja alitoka Khwisero, kwenye vilima na migomba, hakujua. Alisikia firimbi ikitokea upande wa Turbo. Akasimama, akageuka kutazama kule alikodhani treni inatoka, ili ajue akimbilie wapi. Alifanya kama mtu mwenye akili. Na siku aliyofika, Baba aliniambia mbele ya wote, "Phoebe, mwonyeshe mgeni mahali." Nilimwonyesha kisima, choo, na nyumba ya mwalimu mwenye redio. Nikasahau reli.

Nilimwambia Sifuna hayo yote nikiwa nimesimama. Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Jumamosi tuliipeleka meza Chekalini. Haikuingia katika gari lolote, kwa hiyo tulikodi trekta la miwa na trela lake, na nilikaa nyuma nimekumbatia msitu wangu ili usilale. Watu wa njiani walidhani nimehamishwa. Dereva wa trekta alituuliza ni shamba la nani tunalobeba, na mzee akamjibu kwamba ni lake.

Baba alikuwa amekaa uani na wazee watatu wa ukoo na pasta. Nilikuwa nimetuma neno kwamba kuna dereva wa treni anayetaka kusema. Baba alikuwa na miaka sabini na minane, amenyooka, mkono juu ya fimbo. Ndani ya nyumba mtoto alikuwa analia. Baba hakumsalimu Sifuna.

Sifuna alivua kofia. "Wazee, mimi niliapa kwamba miti ilikuwa mifupi. Sikusema uongo. Nilisema upumbavu, na mkazika mtoto kwa upumbavu wangu. Nimekuja mpige magoti hapa, mmoja mmoja, mwone."

Wazee walitazamana. Pasta ndiye aliyeanza, maana magoti amezoea. Aliweka jicho usawa wa njiti, Sifuna akaitembeza injini, na pasta akarudisha kichwa kwa nguvu kama mtu aliyepigwa. Wazee wakafuata. Mmoja alipoinuka alisema, "Ni kweli. Ilikuwanga mirefu hivi. Mimi mwenyewe nilinunua mbao zake."

"Hiyo ni kuona," Baba alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa. "Na firimbi? Alisikia firimbi akaipa mgongo."

Ilikuwa zamu yangu. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi ya Lugari ni ngumu. Nilisema juu ya mwangwi. Niliona wazee watatu wakiinama kwa pamoja, kwa sababu walijua, kila mmoja alikuwa ameshamwambia mwanawe, na hakuna aliyewahi kufikiri kumhusu mgeni wa siku tisa. Kisha nikasema, "Uliniambia nimwonyeshe mahali, Baba. Sikumwonyesha reli. Kama kuna mtu wa kuzikwa mpakani, ni mimi."

Baba aliinuka, akatembea mpaka mezani, akaweka fimbo chini, akapiga magoti. Alikaa pale muda mrefu kuliko wengine, shavu lake juu ya udongo mwekundu. Nilisikia anaongea na ile njiti, kwa Kiluhya, polepole. Alikuwa anamwambia kwamba alidhani ni kwa sababu yake yeye, baba. Kwamba alidhani amejiua ili kumkomoa. Kwamba angemruhusu arudi Khwisero, alikuwa ameshaamua, alingoja tu hasira ipoe ndipo amwambie.

Sifuna aliiwasha treni mara nyingine, sijui kwa nini. Labda mkono ulizoea. Injini ikatoka mbali, ikaingia nyuma ya miti yangu, ikapotea. Sote tuliingoja. Na kabla haijatokea kwenye kona, Sifuna alinyoosha mkono wake mkubwa juu ya saiprasi, akamshika msichana kwa vidole viwili, akamtoa relini. Uzi ulikatika. Treni ilipita mahali patupu, ikaendelea zake.

Alimweka katika kiganja cha Baba. Baba alimfunika kwa mkono wa pili, akaingia ndani ya nyumba, ambako kilio kilikuwa hakijakoma tangu asubuhi. Tulisikia sauti yake ikisema, kwa nguvu, kama anayeita mtu ng'ambo ya mto, "Awinja!"

Mtoto alinyamaza. Tukamsikia Sellah akisema, "Ameshika. Babu, ameshika titi." Mzee mmoja alianza wimbo, ule wa kuzikia, ambao haukuimbwa siku ile, na tukauimba tukienda kaburini kule mpakani, na msalaba wa mbao ukachongwa jioni hiyo hiyo. Sifuna ndiye aliyeuchimbia shimo. Alikufa miaka miwili baadaye, na mkewe aliniambia kwamba alikuwa akinyoa vizuri mbele ya kioo.

Meza iliachwa kwa Baba. Saiprasi zangu bado zimesimama, zimekuwa za kahawia kidogo kwa vumbi.

Awinja wetu sasa ana miaka saba. Ni mkaidi, anapenda miwa, na anakimbia kuliko wavulana. Kuna jambo moja tu. Ukimwita, hata ukiwa mbele yake, hata akiwa anakuona, hugeuka kwanza akatazama upande wa pili. Sellah anasema ni mchezo. Daktari amemwangalia masikio, akasema hayana kasoro.

Mimi sibishani nao. Kila Ijumaa napanda gari kwenda Chekalini, namshika mkono, tunashuka mpaka relini. Miti hakuna, ni mahindi matupu, unaona mpaka mbali. Namsimamisha pale pale, namwambia, "Ukisikia firimbi, usifuate sauti. Geuka nyuma yake." Yeye hucheka na kusema, "Nyanya, umeniambia." Nami namwambia tena.